Chupa ya Shaba Tatu

Watu wengi wanaijua shaba ya waya na ya mabomba, basi. Wakulima wanaijua zaidi kidogo, maana mrututu wanaoupulizia mimea ni shaba hiyohiyo, imevaa buluu. Lakini Dokta alikuwa na shaba yake mwenyewe, unga mwekundu wa rangi ya tofali lililolowa, ndani ya chupa ndogo yenye kizibo cha kioo. Ukitaka kuiona ilibidi kwanza unawe mikono, halafu usikilize maelezo, na maelezo hayakuwa mafupi.

Nami nieleze kidogo, atakayechoka aruke. Shaba ikiwa waya ina elektroni zake zote. Ikinyang'anywa moja, wenye kazi yao huiita shaba moja. Ikinyang'anywa mbili ni shaba mbili, na hiyo ndiyo iliyojaa kila mahali: ndiyo mrututu, ndiyo ukungu wa kijani kwenye mabomba ya zamani. Ya tatu ni shughuli. Shaba iliyonyang'anywa elektroni tatu ina njaa isiyo na adabu. Itampora yeyote aliye karibu nayo, hata maji iliyomo, ilimradi ijirudishie chochote. Kwa hiyo haikai. Ukisikia mtu ana shaba tatu ya unga, kavu, iliyotulia chupani tangu mvua zilizopita, ama mtu huyo ni bingwa ama kuna kitu hakukiangalia vizuri.

Chuo kizima kilikuwa kimeamua kwamba Dokta ni bingwa. Ushahidi wake ulikuwa mizani ya sumaku. Shaba mbili huvutwa na sumaku, kidogo sana, lakini mizani inaona. Ya Dokta haikuvutwa hata chembe. Si mbili, akasema, na kama si mbili basi ni tatu. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba shaba moja nayo haivutwi. Dokta alilijua hilo. Alikuwa akiwafundisha mwaka wa pili kila muhula. Lakini yeye unga wake aliutengeneza kwa kuipora shaba elektroni, kwa dawa kali, mchana kutwa, na mtu aliyetoka kupora hawazi kwamba huenda amerudi nyumbani akiwa ameporwa yeye.

Akavishwa kilemba cha ukoka na kikamkaa vizuri. Jarida la nje likaikubali makala yake. Afisa uhusiano akatundika bango kwenye ngazi, na wanafunzi wakampa jina la Mama Shaba Tatu, naye akajitia hamnazo, kumbe alikuwa akilifurahia.

Katika maabara ile kulikuwa na binti wa kaka yake. Kaka mwenyewe alikwishafariki, na msichana alilelewa na Dokta tangu akiwa wa kusukwa nywele. Tumwite Binti, ndivyo shangazi yake alivyomwita. Alikuwa mtaratibu, mwenye kuosha glasi zake mara mbili, na alikuwa akiandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya shaba hiyohiyo. Jopo lilipokaa kuchagua wanafunzi wa uzamili, Dokta alijitoa, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kama ndugu wa mgonjwa. Mwenyekiti ndiye aliyetoka kumwambia kwamba Binti amekuwa wa kwanza kati ya wote walioomba. Dokta alimshukuru Mungu palepale kwenye korido, kwa sauti.

Kila Ijumaa maabara nzima ilikaa pamoja. Ulikuwa utaratibu wa Dokta mwenyewe: mmoja anaweka matokeo yake mezani na wengine wanayashambulia, bila kujali nani ni mkubwa. Alijivunia utaratibu huo kuliko hata mashine zake. Ijumaa moja aliweka mezani shaba yake, akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu asiyetarajia lolote.

Binti akanyoosha mkono. "Dokta, kitu chenye njaa hivyo kinakaaje tu chupani? Kwa nini tusijaribu iodidi na wanga? Kama ni tatu, itaipora iodidi, iodini itatoka, na wanga utakuwa mweusi. Kama ni moja, hakutatokea kitu."

Kilikuwa kipimo cha dakika chache, cha chumvi na uji. Dokta alitazama mizani yake ya sumaku, akamtazama Binti. Kisha akatabasamu.

"Hapa si sekondari," akasema. "Na wengine wenu mkumbuke mmefikaje humu. Isingekuwa undugu, maswali hayo ungekuwa unayaulizia kwingine."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule kijana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wengine wakafuata, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuogopa kutocheka. Binti aliushusha mkono wake polepole, akaandika kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa.

Ulikuwa uongo, na Dokta alijua ni uongo hata kabla haujamaliza kumtoka. Lakini neno la mkubwa likishaanguka katika maabara halifagiliki. Kuanzia wiki ile Binti akawa Mtoto wa Nyumbani. Akipata matokeo mazuri, ni ya shangazi. Akiazima kifaa, anapewa haraka mno, kwa heshima ya kumkomoa. Hakuna aliyemuuliza tena maoni yake juu ya kitu chochote, maana maoni yake yalikuwa hayana thamani: ama yametoka nyumbani, ama ni ya mtu asiyestahili kuwepo. Na Dokta akaongeza chumvi kwenye kidonda. Alikataa kuitia sahihi tasnifu mpaka sura ya nne iseme wazi kwamba unga ule ni shaba tatu. Binti akaandika. Jumatatu iliyokuwa ikija angesimama mbele ya mtahini wa kutoka nje kuitetea sura asiyoiamini, na kama ingemshinda, kila mmoja angesema, si tulijua?

Nyumbani waliishi kwa adabu tupu. Binti alipika, akapakua, akaosha vyombo, akaaga. Alikuwa ameanza kumwita shangazi yake Dokta hata mezani, "Dokta, nikuongeze mchuzi?", na Dokta alikuwa akila chakula hicho huku macho yake yako kwenye sahani. Mara mbili tatu alitaka kusema kitu. Kila mara alijiambia kwamba mtoto akishapata shahada yake yatakwisha yenyewe.

Ikafika Alhamisi ya wageni, siku nne kabla ya Jumatatu hiyo, chuo kilipoalika watu waje kuiona shaba tatu. Afisa uhusiano alikuwa ameomba kitu kinachobadilika rangi, kwa sababu, alisema, wageni hawali grafu. Dokta akawaza akiwa anafunga vifungo vya koti lake jeupe, na kilichomjia upesi kilikuwa iodidi na wanga. Hakuona ajabu yoyote. Kama kipimo alikikataa. Sasa alikichukua kama mchezo wa jukwaani, na kichwani mwake hivyo vilikuwa vitu viwili visivyojuana.

Asubuhi, kabla maabara haijajaa, akachemsha wanga, akauacha upoe. Akayeyusha unga wake mwekundu kidogo, akatia iodidi, akatia wanga, akasubiri weusi.

Nyekundu ikabaki nyekundu.

Aliulaumu wanga kwanza, ndio uliokuwa mnyonge. Akaudondoshea iodini ya kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, na wanga ukageuka mweusi mara moja. Akailaumu iodidi. Akachukua mrututu, shaba mbili ya kawaida ya mkulima, akautia iodidi na wanga: mweusi tii. Akarudi kwenye chupa yake, safari hii akatia unga mwingi zaidi, kwa hasira, kana kwamba unaweza kutishwa. Nyekundu, ile ile, imetulia zake.

Akakaa kwenye stuli. Aibu haikumwanzia kichwani, ilimwanzia masikioni, yaliwaka. Alikumbuka kopo la ile dawa kali ya kupora, lililokaa msimu mzima wa mvua na kifuniko kisichofunga vizuri, na jinsi unga wa dawa hiyo ulivyokuwa umeshikana mabonge akauvunjavunja kwa kijiko bila kufikiri. Dawa ilikwishakufa. Wakati yeye akidhani anaipora shaba, kile kiungo cha kemikali alichoifungia shaba mbili ili itulie ndicho kilichokuwa kikiigawia elektroni kwa siri. Shaba moja. Alikuwa ameshangiliwa miezi yote hiyo kwa kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekitambua kabla ya chai ya saa nne.

Aliliwaza jarida. Aliliwaza bango. Aliwaza jinsi atakavyokutana na wenzake kwenye ngazi. Ilipita dakika nzima, na zaidi, ndipo akamkumbuka Binti, na alipoona kwamba amemkumbuka mwisho, akainamisha uso ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mlango ukafunguliwa. Binti alikuja kuchukua vitambaa vya kufutia meza za wageni. Akaziona glasi zimepangwa: moja nyeusi, nyingine nyeusi, ya tatu nyekundu, ya nne nyekundu. Hakuhitaji maelezo.

"Umefanya," akasema.

"Wewe ulijua?"

"Nilifanya Ijumaa ileile, mlipotoka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Dokta."

Dokta aliinuka akaufunga mlango. Akamshika mkono, akamwambia, mwanangu, nimekosa, nisamehe. Alimaanisha, na machozi yalikuwa karibu. Binti alisema hamna neno, kwa sauti ile tunayomjibia mtu aliyetukanyaga kwenye foleni. Kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake: sura ya nne aiandikeje, na Jumatatu iko mlangoni?

"Andika kwamba ni shaba moja," Dokta akasema.

"Watauliza kwa nini sahihi yako iko chini ya shaba tatu."

"Tutatafuta lugha. Tunaweza kusema, uchunguzi zaidi umebaini..."

"Uchunguzi wa nani?"

Dokta akaanza kupanga mambo ya mchana, haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Wageni wapewe mrututu. Utageuka mweusi, watapiga makofi, watakunywa chai, wataondoka, hawajui tofauti. Mengine yatashughulikiwa wiki ijayo, kwa utulivu. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akachukua vitambaa vyake. Aliuacha mlango wazi, na Dokta akabaki anayasikia maneno yake mwenyewe, hawajui tofauti, yeye aliyekuwa akimkata mwanafunzi maksi kwa kusahau kuandika tarehe kwenye chupa.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wageni, nyuma yao walimu, na ukutani karibu na mlango walisimama watu wa maabara, Redio akiwa katikati yao. Binti alikuwa pembeni ya jukwaa na sinia la glasi. Mkuu wa chuo, mtu mnene mwenye kupenda kipaza sauti, alimsifu Dokta mpaka akaishiwa maneno, akayarudia yaleyale. Dokta akatia iodidi kwenye mrututu, akatia wanga, na maji ya buluu yakageuka meusi mbele ya macho yao. Ukumbi ukapiga makofi.

"Hiyo ndiyo shaba tatu yetu!" akasema Mkuu wa chuo.

Dokta angeinama tu, akatabasamu, siku ingeisha salama. Na kweli shingo yake ilikwishaanza kuinama. Kisha akayaona macho ya Binti. Hayakuwa yakimtazama kwa chuki, hayakuwa hata yakimngoja. Yalikuwa yakizitazama glasi, kama ya mfanyakazi anayesubiri shughuli iishe akasafishe. Dokta aliona kwamba msichana huyu hamtegemei tena kwa lolote. Hilo lilimuuma kuliko bango na jarida kwa pamoja. Akapiga moyo konde, akachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa, hapana," akasema. "Hicho ni mrututu. Unauzwa dukani."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Akaomba waitazame na ile ya kwake. Akayeyusha unga mwekundu, akatia iodidi, akatia wanga, akainua glasi juu. Wageni wa mstari wa mbele wakanyoosha shingo. Mmoja akavaa miwani. Kikohozi kikasikika, kisha kingine.

"Msisubiri, hakutatokea kitu," akasema. "Ingekuwa shaba tatu ingekuwa nyeusi sasa hivi. Hii ni shaba moja. Nimewaambia uongo, mwanzo kwa kutokujua, na tangu asubuhi ya leo kwa kujua. Jarida nitaliandikia. Na yupo mwanafunzi aliyetaka kipimo hiki kifanyike tangu zamani, nikamwambia hapa si sekondari. Ni huyu mwenye sinia."

Vichwa vikageuka. Binti alisimama wima na sinia lake. Tabasamu la Mkuu wa chuo lilikuwa limebaki usoni peke yake, limeachwa na mwenyewe. Afisa uhusiano akatangaza chai kwa haraka ya mtu anayezima moto, na viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Dokta akashuka jukwaani. Alikuwa amejiaibisha mbele ya watu waliokuja kumtukuza, na pamoja na aibu hiyo alianza kuhisi kitu kingine, wepesi fulani kifuani. Kusema kweli alianza kujiona mtu mwema, na hiyo ni hali ya hatari kwa mtu yeyote. Alimkaribia Binti aliyekuwa akikusanya glasi, akasimama hapo, akingoja aambiwe neno.

"Ahsante kwa ya shaba," Binti akasema bila kuinua macho. "Shaba umeirudishia namba yake. Mimi bado."

"Wewe? Si nimewaambia ni wewe uliyeuliza?"

"Umewaambia niliuliza. Hujawaambia nimefikaje humu." Sasa alimtazama. "Jumatatu nikijibu vizuri watasema shangazi yangu amenipa majibu. Nikijibu vibaya watasema shangazi yangu amenipa nafasi. Wewe ndiye uliyewafundisha kusema hivyo."

Dokta akajibu kwamba kesho ni Ijumaa, maabara yote itakuwa imekaa, atalisema huko, ndani, kwa nafasi.

"Siku ile hukuchagua nafasi," Binti akasema. "Na wote wako pale mlangoni."

Walikuwepo kweli, wamekwama nyuma ya wageni, wanaielekea chai. Dokta aliwatazama na moyo ukamwambia, aibu moja haitoshi kwa siku moja? Akagundua kwa nini ile ya jukwaani aliiweza. La shaba lilikuwa kosa, na mtu akilikiri kosa anabaki na heshima fulani. Baadhi ya wageni walikuwa wakimtazama kwa huruma, hata kwa kumstahi. Hili la pili halikuwa kosa. Hapakuwa na kopo lililoingia unyevu. Alikuwa na ukweli mdomoni akatema uongo, kumpiga nao mtoto wa marehemu kaka yake, na watu wangelijua hilo, na hakuna ambaye angemstahi kwa ajili yake.

Fundi wa vipaza sauti alikuwa amekwishakunja waya. Dokta akaita kwa sauti yake mwenyewe, ikatoka nyembamba.

"Jamani. Ninyi wa maabara, ngojeni."

Wakageuka. Wageni nao wakageuka, na Mkuu wa chuo, na afisa uhusiano akiwa na sahani ya biskuti mkononi. Dokta alitaka kusubiri hao wengine watoke, kisha akaacha kutaka.

"Niliwaambia Binti yuko hapa kwa undugu," akasema. "Katika jopo lililomchagua sikukaa mimi. Nilikuwa nje kwenye benchi. Alikuwa wa kwanza kati ya wote walioomba, na nilijua, niliambiwa siku hiyohiyo. Nilipowaambia vile nilikuwa nasema uongo, na nilijua kuwa ni uongo."

Hakuna aliyecheka. Redio alikuwa ameshika kikombe kitupu, akakigeuzageuza. Aliuliza bila ubaya, kwa sauti ileile waliyozoea kuulizana siku za Ijumaa matokeo yanapowekwa mezani.

"Sasa kwa nini ulisema, Dokta?"

Masikio yalimwaka tena. Alitafuta lugha, hakuipata.

"Kwa sababu swali lake lilikuwa zuri," akasema, "na mimi sikuwa na jibu."

Afisa uhusiano akaitazama sahani yake ya biskuti. Dokta alisimama palepale, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Binti aliliweka sinia mezani, akaenda mlangoni kupitia katikati yao, na Redio akawa wa kwanza kumpisha.